Kilomita Tisa za Wenyewe

Mpima barabara wa manispaa alikuwa akifuta tope kwenye gurudumu lake la kupimia, saa tatu asubuhi, shangazi yake alipompigia simu kulalamika kwamba amefukuzwa kazi. Kwa miaka kumi na miwili shangazi alikuwa akitoka mji mkuu kwa miguu kwenda kufua na kupiga pasi kwenye nyumba moja ya manispaa hiyo, maana mabasi hayaruhusiwi kwenye barabara ya kuingia humo. Mwajiri wake alisema amechoka kungoja.

"Natoka saa kumi na moja alfajiri kama zamani," shangazi alisema. "Njia ndiyo imerefuka."

"Labda ni usingizi, shangazi."

Barabara ile aliipima mwenyewe, kilomita tisa. Na alimjua shangazi yake: hampiti mtu bila kumjulia hali mpaka mbuzi wake.

Kesho yake alimfuata kwake, wakaondoka pamoja, yeye akisukuma gurudumu. Shangazi hakusimama kumsalimia mtu. Kwenye kilomita ya nane waliliona geti la manispaa. Kisha ukuta mmoja mweupe ukawapita, ukawapita tena, na mbwa yuleyule akawabwekea mara ya tatu. Wanawake wengine walitembea mbele yao bila kugeuza shingo. Walipofika getini gurudumu lilionyesha kilomita kumi na tisa.

"Haya, nani alilala?" shangazi aliuliza.

Mlinzi alikitazama kitambulisho cha shangazi mbele na nyuma.

Mpima barabara alirudi mji mkuu kwa gari la ofisi, akaipima njia upya peke yake, kadi ya kazi shingoni. Tisa kamili.

Mkurugenzi aliisoma ripoti yake mpaka mwisho.

"Ulitembea na nani?"

"Na shangazi yangu."

"Basi hukupima barabara. Umempima shangazi yako."

Akatoa faili kabatini. Miaka minne nyuma wakazi wa manispaa waliomba mji mkuu usogezwe mbali kidogo. Ombi lilipitishwa, lianze kutekelezwa mwaka huu, kwa sharti kwamba umbali usiwaguse watumishi wa manispaa wala wakazi wenyewe, kwa kuwa ofisi zao na madaktari wao wako huko mji mkuu. Chini, penye jina la mthibitishaji wa vipimo, palikuwa na saini ya mpima barabara. Aliikagua kwa muda mrefu, akitafuta kasoro. Ilikuwa yake. Siku ile aliletewa karatasi nyingi.

Wiki iliyofuata shangazi alipata nyumba nyingine, mtaa uleule, akaanza kutoka saa tisa usiku. Mpima barabara akampakia kwenye gari la ofisi. Tangi lilikuwa limejaa. Kwenye kilomita ya kumi na nne likakauka.

"Wewe ungekuwa peke yako ungeshafika," shangazi alimwambia, bila hasira.

Alishuka, akafunga mlango taratibu, akaharakisha kuwafikia wenzake waliokuwa wakipita tena penye ukuta mweupe.