Kokwa la Kaiyaba

Mke wangu Cherono alikuwa amekataa chakula. Uji alikataa, supu alikataa. Hospitali ilikuwa imemrudisha kwetu Alexandria ili amalizie siku zake nyumbani, na alichotaka ni kaiyaba tu, yale matunda makali ya manjano ya ua wa miiba wa mama yake kule Ravine, Kenya.

Huku Virginia, Marekani, sijaona kaiyaba. Lakini Agosti ile ya 2006 nilikuwa nimeona plamu za mwituni kwenye vichaka vya kando ya uzio, nyuma ya chuo cha Fairfax nilikosoma masomo ya jioni. Nikachuma zilizokuwa bado za manjano.

"Baba, una uhakika si sumu?" binti yetu Jepkosgei aliuliza.

"Nimezisomea. Tawi lina miiba. Ganda lina ukungu mweupe, ukiufuta linang'aa. Ndani kokwa moja, bapa. Na jana nilizila, mbona bado nakusumbua?"

Tulizichemsha kwa maji kidogo mpaka maganda yakapasuka, tukachuja, tukarudisha mekoni na sukari. Nusu ikawa jamu. Nusu tukaizimua kwa maji ya tangawizi, ikawa sharubati.

Jepkosgei alimpelekea mamake kijiko. "Mama, hii ni kaiyaba. Aunty Serah ametuma kutoka nyumbani."

Mimi nilisimama mlangoni.

Cherono alionja. Uso ukamkunjamana kwa ule ukali. "Ongeza," alisema. Akala tena, akanywa na sharubati. Jepkosgei alinitazama, macho yamemjaa machozi.

"Baba Jepkosgei, hamkubakiza hata moja nzima? Niiviringe."

Kwetu kaiyaba haiumwi. Unaiviringa viganjani mpaka ilainike, kisha unaitoboa na kufyonza. Mkono wake ulikuwa tayari umenyooshwa. Nikamletea moja, ya manjano kabisa.

Aliiviringa polepole, kwa mikono isiyo na nguvu. Ganda likapasuka, kokwa likamwangukia kiganjani. Akalitazama. Kaiyaba ina mbegu nyingi, ndogo ndogo.

"Serah hakutuma kitu," alisema.

"Mama, please..."

"Kimutai, sema wewe."

Tangu tumpate Jepkosgei hakuwahi kuniita kwa jina langu.

"Ni za Fairfax," nilisema.

Aliniwekea kokwa mkononi, akageukia ukuta. Jioni Jepkosgei alimpelekea kijiko tena. Hakufungua mdomo, wala kesho yake, wala siku zilizofuata.

Waombolezaji walipokuja tuliwapa sharubati ile, maana hatukuwa na kingine. Waliisifu. Mmoja akaniuliza ni ya tunda gani.

"Plamu za mwituni," nilimwambia. "Za hapa hapa."