Nimonia Isiyoisha

Mwaka 1997 hospitali ndogo ya misheni karibu na Shianda ilipata kompyuta yake ya kwanza. Daktari Dinah Kageha aliifurahia kuliko wote, maana alikuwa na swali: je, moshi wa miwa inayochomwa kabla ya kukatwa ndio unaowaletea watoto pumu?

Willis, karani wa kumbukumbu, aliingiza kadi za watoto wote waliougua kifua. Alipomaliza, Dinah akaketi kando yake.

"Nitafutie wenye pumu."

Yakatokea majina machache mno.

"Haiwezekani. Vifua vyao navisikia vikipiga filimbi kila wiki! Hebu nionyeshe wenye nimonia."

Majina yakamiminika. Dinah akainamia skrini.

"Ngoja. Awinja Wanzala. Na huyu hapa Awinja Wanzara. Mama yao wote ni Muhonja?"

Willis akacheka. "Si ni yule yule, daktari! Huku tunasemanga vyovyote, na mimi niliandika vile kadi inasema."

"Kompyuta inadhani ni wawili."

Wakapanga upya kwa jina la mama na kijiji. Ule umati ukapungua. Wakabaki watoto waliorudi tena na tena, kila mara na kadi mpya, kila mara wakidungwa sindano ya nimonia. Nimonia gani hii, Dinah akajiuliza, inayomrudia mtoto kila msimu wa mvua?

Akaagiza Muhonja aitwe. Alikuja amembeba Awinja mgongoni, ingawa msichana alishaanza shule. Mtoto alikuwa akihema kwa shida, mabega yakipanda na kushuka.

"Mama Awinja, anashikwanga wakati gani?"

"Kukiwa na baridi. Akikimbia pia. Na nikipikia kuni mbichi."

"Wakichoma miwa je?"

"Siku zingine. Siku zingine hata hakohoi."

Dinah akampa mtoto dawa ya kuvuta kwa mdomo. Filimbi kifuani ikafifia polepole, mabega yakatulia, kisha Awinja akaomba chai.

Muhonja akamtazama daktari kwa mshangao. "Kwa hivyo haikuwa nimonia?"

"Ni pumu, mama. Sindano zile hazikumsaidia. Lakini tunaweza kuituliza."

Watoto wengine nao wakaitwa. Si wote waliokuwa na pumu, ila wengi walikuwa nayo. Kuhusu moshi wa miwa, Dinah hakuwa na jibu bado. Alimwomba Willis aongeze nafasi za kujaza kwenye kompyuta: kuni za jikoni, baridi, siku za kuchoma miwa.

"Na ingokho?" Willis akauliza. "Watoto wengi hulala chumba kimoja na kuku."

Dinah alifikiri kidogo, macho yakimng'aa.

"Weka kuku pia."