Liwali Kodoa na Ukuta wa Stahamala

Katika nchi ya Machoni, ambamo mgeni haingii ila akaguliwe kwanza kutoka utosini mpaka kisiginoni, hapakuwa na kazi iliyoitwa kazi mpaka jicho la Liwali liishuhudie. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yao kuu tangu enzi na dahari, nao waliifuata kwa ikhlasi bila ya kuuliza ilitoka wapi. Juu ya kilima kilichokuwa katikati ya mji kilisimama kiti kirefu cha mninga chenye vipandio saba, na kutoka hapo karakana zote, nyua zote na mashamba yote yalionekana. Liwali alipopanda, nyundo zililia. Aliposhuka kwenda kula, mfumaji aliacha uzi nusu, mpishi aliepua chungu kibichi, na mkunga, Mungu amsamehe, alimsihi mzazi avute subira kidogo. Kazi iliyofanywa bila ya kuonwa, ingawa njema namna gani, ilibomolewa kwa heshima zote ikaanzwa upya hadharani, na aliyeifanya alinyang'anywa zana zake kwa miaka saba.

Msomaji asimdhanie Liwali Kodoa udhalimu. Angekuwa dhalimu, hadithi hii ingekuwa fupi. Alikuwa mtu wa huruma aliyeyajua majina ya watoto wa mafundi wote, na hapakuwa na mgonjwa asiyepelekewa uji kutoka jikoni kwake. Kosa lake lilikuwa kuamini, kwa moyo safi, kwamba akifumba macho nchi itaanguka. Kwa miaka kumi na tisa hakulala mchana wala hakula chakula cha moto, na harusi ya bintiye aliitazama kutoka kitini, akipunga mkono kwa mbali. Nakiri kwamba kila nikimkumbuka pale juu, macho mekundu na shingo imekakamaa, namwonea imani.

Raia zake nao walikuwa wamehitimu elimu moja ngeni, nayo ni elimu ya kuonekana. Walijua kunyanyua jiwe lile lile mara tatu, kufuta jasho lisilokuwapo, na kwenda mbio mikono mitupu. Kazi mbi si mchezo mwema, walisema, huku wakiicheza kazi yenyewe.

Chini ya kilima hicho ulipita mto Haungoji, na baina ya mto na mtaa wa Stahamala, walikokaa maskini wengi wa mji, palikuwa na ukuta wa mawe wa kuzuia mafuriko. Mwaka ninaousimulia, zikiwa zimesalia siku kumi na nane masika yaingie, Liwali aliugua homa. Kiti kikawa kitupu na zana zote zikawekwa chini, kama ilivyoamriwa. Siku ya pili ya homa hiyo ukuta wa Stahamala ulipasuka ufa ulioingia mtu mzima. Mwashi mmoja wa mtaa huo, mwanamke mtulivu aitwaye Stadi, aliutazama ufa, akautazama mto, kisha akaita majirani kumi na wawili. Kwa siku sita walijenga, na hapakuwa na jicho lolote juu yao.

Siku ya tisa Liwali alipona, na siku hiyo hiyo Stadi alishtakiwa. Kwa kuwa sheria ilitaka kazi ya haramu ionwe kabla ya kubomolewa, baraza liliitishwa pale pale ukutani. Mwendesha mashtaka alikuwa Bwana Mazoea, mlinzi wa desturi za nchi, mzee ambaye hakuwahi kubadili hata upande wa kulalia.

"Liwali mtukufu," alisema Mazoea, "mshtakiwa amejenga ilhali wewe umelala kitandani. Wahenga walinena, asiyekuwapo na lake halipo. Jicho lako halikuwapo, kwa hiyo ukuta huu haupo. Naomba kisichokuwapo kibomolewe, na mwiko wake na timazi lake vitwaliwe."

"Bibi Stadi," alisema Kodoa kwa upole, kwa kuwa alimjua tangu utoto wake, "unakana?"

"Sikani, Bwana wangu. Nilijenga, na sikukungoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami niliogopa kwamba safari hii hatutapata hata wasaa wa kujenga. Masika yamebakiza siku tisa. Mkibomoa leo, Stahamala itakwenda na maji, na watoto ambao majina yao unayajua watakwenda nayo. Zana zangu zichukueni, lakini ukuta nauombea. Nina ombi moja tu: kabla ya kuhukumu, shuka upande wa mtoni."

Watu waliguna. Hapakuwa na Liwali aliyewahi kushuka upande ule, maana kutoka kitini hauonekani. Mazoea alifungua kitabu cha desturi kutafuta katazo, na kabla hajalipata Kodoa alikuwa amekwisha kushuka. Kubadhi lake moja lilinasa topeni. Akaliacha huko akaendelea na mguu mtupu.

Alianzia kwenye ukuta wa zamani. Upande wa mji ulikuwa laini, umepigwa chokaa mpaka unameremeta, naye aliusifu mara nyingi. Upande huu aliweka kiganja juu ya jiwe, na jiwe likamfuata mkononi. Nyuma yake palimwagika mchanga mkavu. Akashika la pili, nalo likatoka kwa wepesi ule ule.

"Nani aliyejenga hapa?" aliuliza.

"Mimi, Bwana," alijibu Stadi. "Mwaka juzi, mbele ya macho yako. Ulinivika kilemba siku ile."

"Na sehemu mpya?"

"Ni mimi vilevile. Mkono ni huu huu."

Kodoa akaiendea sehemu mpya, akaisukuma kwa kiganja, kisha kwa bega, kisha kwa uzito wake wote wa mtu aliyetoka kuugua. Ukuta haukutikisika.

"Basi nieleze, binti yangu. Kwa nini ule niliouona ni mbovu, na huu nisiouona ni mzima?"

"Kwa sababu ulitazama upande wa mji, Bwana, nasi tulijenga ulikotazama. Tulikuogopa wewe kuliko tulivyouogopa mto. Ulipougua, tuliutazama mto. Nilipovaa kilemba kile niliona haya, lakini sikuthubutu kukwambia."

"Maneno matupu!" alifoka Mazoea. "Asiyekuwapo na lake halipo!"

"Kweli kabisa, Bwana Mazoea," alisema Kodoa, na machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi. "Mimi ndiye ambaye sikuwapo. Miaka kumi na tisa nilikuwa juu nikitazama, na upande huu sikuwapo hata siku moja." Ndipo akatoa hukumu: ukuta mpya usimame, sheria ya jicho iondoke, ule wa zamani ujengwe upya chini ya Stadi, na mafundi wamtii yeye. Kisha akamgeukia akasema neno ambalo hakuna mtawala wa Machoni aliyepata kulisema: "Unahitaji nini kwangu?"

Stadi aliukagua ukuta wa zamani kwa macho. Alikuwa mwashi kwa miaka ishirini na mbili, na hakuwa amewahi kuulizwa.

"Mawe ya mlimani, Bwana," alisema, "na mikokoteni, na watu wangu wasiitwe barazani mpaka tumalize."

"Na mimi nikae wapi?"

"Shika ncha ya kamba hii ya kunyooshea ukuta. Ukichoka, sema."

Aliishika kwa siku tisa, akiuliza kila asubuhi nini kimepungua na kwenda mwenyewe kukitafuta. Wengine walimcheka, wengine waliona aibu, na Mazoea alipeleka barua tatu za malalamiko ambazo hazikupata wa kuzisoma, kwa kuwa msomaji alikuwa akibeba kokoto. Siku ya kumi mto ulikuja. Ulipanda mpaka shingoni mwa ukuta, mwekundu, wenye kelele, nao mafundi walitawanyika juu yake na magunia ya mchanga, kila mmoja akienda palipomhitaji bila ya kuamriwa. Kodoa alisimama katikati yao, ameshika gunia, macho yakimfumbika kwa usingizi.

"Kalale, Bwana wangu," Stadi alimwambia.

"Nilale? Na maji haya?"

"Kalale. Ukiamka utatukuta."

Kodoa akamkabidhi gunia, akaenda akajinyoosha juu ya mkeka katika nyumba ya kwanza ya Stahamala, hatua thelathini kutoka mtoni, akalala fofofo mpaka kesho yake. Alipoamka na kutoka nje maji yalikuwa yameshuka dhiraa mbili, mkeka wake ulikuwa mkavu, na mafundi walikuwa wameanza kazi bila yeye.