Kopo la Shangazi Pua

Shangazi yetu kila mtu alimwita Shangazi Pua, hata waliomzidi umri. Ugonjwa ule ulianzia puani. Mtu anaamka hasikii harufu, siku mbili tatu homa, kisha ndiyo basi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya uji, tulipanga foleni kwenye mlango wa jiko la shule tulimokuwa tukiishi, na shangazi akatusogezea kopo la bati. Unafumba macho, unanusa, unamnong'oneza ni kitu gani. Ukikosa, unachukua blanketi lako na kutoka getini, kwenda kwenye jengo la ng'ambo ya barabara walikolazwa wagonjwa. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka kule.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," shangazi alikuwa akisema, ufunguo wa geti ukining'inia shingoni.

Sasa mimi nilikuwa na maradhi ya kuficha, na wala hayakuwa maradhi. Mdogo wangu hajawahi kusikia harufu tangu azaliwe. Akiwa mtoto alikunywa mafuta ya taa akidhani ni maji, nyumba nzima ikasema ana ulafi. Mama alijua, nami nilijua. Mama alipokufa nikabaki na siri peke yangu. Ningemwambia nani? Nani angekubali kuishi na mtu ambaye kopo haliwezi kumpima? Angekuwa mdogo wa mtu mwingine, ningekuwa wa kwanza kupiga kelele atolewe. Mkuki kwa nguruwe, jamani.

Basi tukatunga ishara. Sisi ndio tuliochota maji ya jiko, kwa hiyo daima tulikuwa mbele ya foleni. Nanusa, najibu, kisha napita nikijikuna: sikio ni mafuta ya taa, shavu ni kitunguu saumu, kiwiko ni siki. Yeye anakuja nyuma yangu, anafumba macho na kujibu. Na alikuwa na madoido, huyo! Siku nyingine anaongeza, "Kitunguu chenyewe kimeanza kuoza, shangazi," nami natamani kumzaba kibao.

Asubuhi moja niliinama juu ya kopo, nikavuta pumzi. Hakuna kitu. Nikavuta tena hadi kifua kikauma.

"Haya, sema," shangazi akanihimiza.

Ningeweza kubahatisha. Lakini ningepita, usiku ningelala chumba kimoja na mdogo wangu, nikimpumulia.

"Sisikii kitu," nikasema.

Foleni ikarudi nyuma. Shangazi akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nusa tena, mwanangu."

"Hakuna, shangazi."

"Ni siki," akasema. "Kachukue blanketi lako."

"Huyo si mtoto wa kaka yake?" mtu akauliza.

"Sheria ni msumeno," fundi viatu akajibu.

Niliogopa kufa, sitaki kudanganya. Ndipo mdogo wangu akalinyakua kopo mikononi mwa shangazi, na badala ya kunusa akapiga funda.

"Haya ni maji," akasema.

"Wee! Weka chini!"

"Siki ni kali, haya ni maji. Mimi pua sina, sijawahi kuwa nayo. Lakini ulimi ninao."

Akayasema hayo mbele ya foleni nzima. Nilitaka ardhi inimeze.

Mpishi akaweka mwiko chini. "Ile chupa ya siki," akasema taratibu. "Siki iliisha jana, nikaiosha nikaijaza maji. Nilijua utanusa kabla ya kumimina, Shangazi Pua."

"Nilinusa," shangazi akasema.

Akachukua kitunguu saumu rafuni, akakiponda kwa kiganja, akakileta puani. Akakaa hivyo muda mrefu. Sisi wengine tulikisikia kutoka tuliposimama. Miezi yote ile, hakuna aliyewahi kumpima yeye.

Akavua ufunguo, akauweka mezani. "Uuchemshe kabla ya kuugusa," akaniambia. "Na usinisogelee."

"Na huyu asiye na pua?" fundi viatu akauliza.

"Huyo ndiye aliyewapima leo. Alale chumba chake peke yake, mguseni paji la uso asubuhi na jioni." Akamgeukia mdogo wangu. "Na wewe, kitunguu chako hakikuoza hata siku moja."

"Ulijua?" nikauliza.

"Mafuta ya taa nani alimtapisha? Na wewe, mtu gani anajikuna kila siku bila upele?"

Nilicheka, kisha nikalia. Nilimpenda mno, na sikuruhusiwa hata kumshika mkono.

Akatoka na blanketi lake. Tulimtazama kupitia nondo za geti akivuka barabara bila kugeuka nyuma. Alipofika mlangoni kwa wagonjwa akasimama, akainua mkono juu ili tuuone, akajikuna sikio.

"Mafuta ya taa," mdogo wangu akasema, akaanza kulia.