Fundi Sikio na Injini Isiyotulia

Nahodha wa boti ya kuvusha watu alirudi kwetu mara ya tatu, injini yake kwenye toroli, uso umemvimba kwa hasira.

"Shemeji, leo nimechoka," akaniambia hata kabla ya salamu. "Nikiingiza gia tu, boti inaruka. Asubuhi bibi mmoja ameangukia mapajani mwa mwalimu mkuu, na kunyanyuka hataki!"

Nilibana kicheko. Aliyeitengeneza injini hiyo ni mume wangu, na karakana ni yetu wawili: yeye na bisibisi yake, mimi kwenye kaunta ya vipuri. Juu ya mlango kuna kibao cha rangi nyekundu, FUNDI SIKIO. Hakujipa jina hilo, wateja ndio waliompa.

Siku moja, miaka ya nyuma, tukiwa tunakunywa chai, boti ikipita mbali huko, aliinua kidole na kusema, "Plagi imechoka hiyo." Mwenye boti alipokuja alikuta plagi mpya nimeshamwekea juu ya kaunta, akabaki mdomo wazi. Tulicheka sana. Nilikuwa naimba nikipanga vipuri, naye akigonga bisibisi kwenye pipa kunifuatisha. Naikumbuka sana miaka hiyo.

Siku hizi hagongi. Namwita chakula kiko mezani, kimya. Namuuliza neno, ananipa mgongo. Sikumwambia mtu, lakini niliamini mume wangu amenichoka. Nami nikamnunia, maana kununa nakujua.

"Leo ikishindikana napeleka kwa wale vijana wa ng'ambo," nahodha akasema. "Na wakiniuliza kwa nini, nitawaambia."

Nahodha ana mdomo. Fundi Sikio akishindwa kutuliza kijiinjini kama kile, abiria wake wote wangejua kabla jua halijazama, na kibao tungekishusha wenyewe.

Mume wangu akaifunga injini kwenye pipa la maji, akaiwasha. Gia haijaingizwa, lakini ilinguruma kama inakimbizwa. Akakagua kebo ya mafuta isije ikawa imekwama. Ilikuwa inarudi vizuri. Akabadilisha gasketi ya kabureta, pengine inavuta hewa. Kelele ile ile. Akaifungua kabureta yenyewe, akaisafisha, akairudisha. Wapi!

Ikabaki ile skrubu ndogo ya kupunguza mwendo. Akailegeza polepole. Mlio ukashuka, ukashuka, ukatulia, hata nikasikia maji ya kupozea injini yakichuruzika ndani ya pipa. Hapo hapo, nikasema moyoni. Acha hapo.

Hakuacha. Alikunja uso, akaikaza skrubu haraka, na mlio ukapanda tena.

"Sasa umefanya nini?" nikamuuliza kutoka kaunta.

Akamgeukia nahodha. "Umeona? Ilikuwa inazima."

"Haikuwa inazima!"

Alikuwa amenipa mgongo. Nikarudia kwa sauti ya ugomvi kabisa. Nahodha akageuka, na mpita njia mmoja akasimama kuchungulia. Mume wangu aliendelea kufuta bisibisi yake kwa kitambaa.

Hakuwa amenichoka. Hakuwa ananisikia. Mungu anisamehe, kwanza nilifurahi. Kisha nikakumbuka kile kibao, na furaha yote ikakatika.

"Shemeji, kanywe chai," nikamwambia nahodha. "Ukirudi utaikuta tayari."

Akaondoka akiguna. Nikaizima injini, nikasimama mbele ya mume wangu, nikamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Husikii."

Alikuwa akinitazama midomo. Nilidhani atakataa.

"Sauti za chini zimekwenda," akasema. "Kelele nazipata. Injini ikitulia, kwangu imekufa."

"Na hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi, na jina lenyewe ndilo lile?" Akaonyesha mlango kwa kidevu. "Halafu na wewe uliacha kuimba. Nikajua una jambo na mimi."

Machozi yakanitoka pale pale. "Sijaacha hata siku moja. Hata nilipokununia niliimba."

Alinifuta uso kwa kile kitambaa chake, akaniachia grisi shavuni.

Tukaiwasha tena. Yeye alishika bisibisi, mimi nikamwekea mkono begani. Mlio uliposhuka mpaka pale pazuri, nikambonyeza bega. Akaacha. Akaweka kiganja juu ya mfuniko wa injini, akakaa hivyo muda mrefu, akiusoma ule mtetemo.

"Ndiyo yenyewe hii?"

"Ndiyo yenyewe."

Nahodha aliporudi alitega sikio, akaingiza gia, na injini ikapokea bila kushtuka. Akacheka peke yake. "Fundi Sikio bwana! Hana mpinzani huyu!" Mume wangu akampungia mkono. Sidhani kama alilisikia neno hata moja.

Nilirudi kwenye kaunta, nikaanza kupanga plagi. Akanifuata kwa nyuma, akaniwekea kiganja mgongoni, na grisi yake yote, juu ya gauni nililolifua jana. Siku nyingine angenitambua.

"Imba," akasema.

Nikaimba. Kiganja hakikuondoka mgongoni. Nilipofika kwenye kiitikio, akaokota bisibisi kwa mkono wa pili na kuanza kugonga kaunta, akichelewa kidogo.