Ninga wa Pemba

Dastani alirudi Chiwata baada ya miaka mitatu, na tundu la ndege mkononi. Alisema alikuwa Pemba akichuma karafuu, na sasa amekuja kumposa Regina. Kwake hakuna cha kwetu kilichofaa: muhogo wetu mgumu, korosho zetu ndogo, hata mvua yetu haijui kunyesha.

Alimkabidhi Mzee Nikolao, baba yake Regina, ndege huyo, njiwa wa kijani.

"Huyu ni ninga wa Pemba, baba. Hapatikani kwingine kokote. Ninga wenu wa huku ni kitoweo tu."

Mzee alimtundika barazani, akawa anammenyea papai mwenyewe na kuwakaripia majirani wanaopiga kelele. Wiki nzima alipokea wageni kama mtu aliyepewa cheo.

Jumapili, baada ya ibada, dada yake Mzee, Ethel, akafika kutoka Newala. Ni mwalimu mstaafu, na miaka kumi na moja alifundisha Wete, huko huko Pemba.

"Shikamoo, shangazi," Dastani, aliyekuja kungoja jibu la posa, alimsalimu.

"Marahaba." Ethel aliinama akamtazama ndege. "Huyu umemtoa wapi?"

"Pemba, shangazi."

"Ninga wa Pemba ana kichwa na kifua cha kijivu, kama aliyelala kwenye majivu. Huyu ni kijani mpaka tumboni. Mikuyu ya Lisekese, hapa hapa kwetu, imejaa hawa. Pemba ulikaa wapi?"

"Karibu na bahari."

"Kisiwa chote kiko karibu na bahari, Dastani."

Akababaika. Alipobanwa zaidi alikiri kwamba hakuwahi kuvuka maji. Miaka yote mitatu alikuwa Mtwara mjini, kwa binamu yake, akila na kulala. Ndege alimnunua njiani.

Regina alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. "Ungesema ulikuwa Mtwara, ningekusikiliza," alisema. "Lakini umekuja kututukania mvua." Akarudi ndani na chai yake. Dastani akaondoka bila kuaga.

Mzee Nikolao alilitungua tundu, akamwita mkewe alete kisu.

"Kaka, asubuhi ulikuwa ukimlisha papai," Ethel alisema.

"Asubuhi alikuwa wa Pemba."

"Ndege ni yule yule. Aliyebadilika ni wewe, na mimi nilidhani mjinga hapa ni mmoja."

Mzee akapokea kisu. Mchana ninga aliliwa kwa ugali. Ethel hakugusa, alikula mboga jikoni pamoja na Regina, kisha akapanda pikipiki kurudi Newala.