Uso Kwenye Mlango wa Duka

Siku moja Mwalimu Ansbert aliwasomea wanafunzi wa kidato cha tano shairi. Lilikuwa shairi la kale, la mtu aliyesimama chini ya nyumba ya mpenzi wake akiomba jambo moja tu:

*Dirisha lako fungua, japo neno usiseme,*
*Nikikuona natua, moyo wangu utuame.*

Krina alirudi nalo nyumbani kwao Upanga likimzunguka kichwani kama wimbo wa harusi. Wiki ileile wasichana wa darasa lake wakaanza kumchora yule mwanamke wa dirishani na kurusha picha kwenye kundi lao la simu. Walichora tofauti, lakini mwanamke alikuwa mmoja: mweupe, mwembamba, pua ya kuchonga, macho ya kuagiza. Krina naye akachora. Wake alikuwa mweusi, mnene, mikono imejaa, mwanya unaonekana katika kicheko.

"Mtu akeshe kwa ajili ya huyu?" mwenzake mmoja akaandika. "Si yule anayeuza vitenge dukani kwenu?"

Ndiye hasa. Paskalina alikuwa akiuza vitenge katika duka la baba yake Krina, Kariakoo, tangu Krina hajaanza shule. Krina alipolisikia shairi, sura iliyomjia ilikuwa hiyo, na hakuona sababu ya kuhangaika na nyingine.

"Shairi halijasema ana uso gani," alijibu. "Wangu mimi ni huyu."

Kisha akaona jibu la simu halitoshi. Jioni akamfuata baba yake.

"Baba, naomba mlango wa duka. Ule wa bati, unaoshushwa tukifunga. Nataka kuuchora."

Mzee Kishor alivua miwani. "Uchore nini? Bei?"

"Shairi la mapenzi, na uso wa anti Paskalina."

"Mapenzi! Mlangoni kwangu! Watu watauliza Kishor siku hizi anauza nini." Lakini alimtazama binti yake, akaona hatanii. "Mwenye uso umemwomba ruhusa?"

Hakuwa amemwomba. Kesho yake alimkuta Paskalina akipanga majora, akamwamkia, akamwonyesha picha. Paskalina aliiangalia, akaangua kicheko.

"Mimi? Na mabinti wazuri walivyojaa mjini humu?"

"Wewe, anti."

"Haya, nichore. Ila usinipunguze. Mwanya wangu uwepo, na hii mikono uiache ilivyo. Nikijiona nimekonda, nafuta mwenyewe."

Jumapili, maduka mengi yakiwa yamefungwa, Krina alipanda ngazi na makopo yake ya rangi ya mafuta. Hakujua bati lile lingemtesa. Lilikuwa na mikunjo toka juu mpaka chini, na kila mstari uliopita juu ya mkunjo ulivunjika. Pua ya Paskalina ikapinda. Akaifuta kwa mafuta ya taa, akaichora upya, ikapinda tena. Akashuka, akaketi kizingitini, machozi karibu.

"Usiutazame ukiwa umeugusa kwa pua," baba yake alisema nyuma yake. Alikuwa amekuja na chai ya chupa. "Vuka barabara, uangalie kutoka kule."

Akavuka. Kutoka ng'ambo aliona kwamba mikunjo ilitaka mistari minene, si ile myembamba ya kwenye karatasi. Akarudi na brashi pana, na safari hii mkono haukusita. Uso ukatoka, mabega yakatoka, kitenge chekundu kikamwagika juu ya kingo ya dirisha. Chini akaanza kuandika shairi: *Dirisha lako fungua, japo neno usiseme…*

"*Nikikuona natua,*" baba yake akamalizia taratibu, "*moyo wangu utuame.*"

Krina akageuka, brashi inadondosha rangi. "Baba, unalijua?"

"Unadhani shule mmesoma ninyi tu? Lilinikosesha usingizi kabla sijamjua mama yako." Akajifanya anatafuta kifuniko cha chupa.

Jumatatu asubuhi Krina alipitia dukani kabla ya shule. Watu walikuwa wamesimama mlangoni, simu zimeinuliwa, na msukuma mkokoteni mmoja alikuwa ameziba njia akilisoma shairi kwa sauti. Paskalina alikuwa mbele yao wote, mkoba begani.

"Huyo ni mimi," aliwaambia, bila kucheka hata kidogo. "Mmeona mikono?"

Onesphory, jirani mwenye duka la vyombo, akapaza sauti: "Mzee Kishor! Kumekucha, wateja wanasubiri, leo hufungui?"

"Watasubiri," alijibu Mzee Kishor, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akichelewa kufungua. Funguo zilikuwa mkononi, na macho yake yalikuwa yakitafuta kitu pembeni mwa picha. "Krina, jina lako liko wapi?"

"Sijaandika, baba."

"Kazi kama hii haiachwi bila mwenyewe. Andika. Lote, na langu nyuma yake."

Akamletea kopo na brashi. Krina akapiga magoti katika sare yake ya shule, umati ukamsogelea kuona, naye akaandika polepole, kwa herufi nene zilizovuka mikunjo ya bati bila kuvunjika: Krina Kishor.